Shangazi wa Godoro la Mbele

Kila asubuhi, kabla ya chai, Shangazi alipanga dawa zake kwenye kifuniko cha sufuria na kuzisalimia kama wapangaji. "Presha, umeamka? Kisukari, leo usiniletee maneno." Pumu hakuwa na kidonge, alikuwa na pampu yake mfukoni. Aliyebaki ni usingizi, ambaye hakuwa na dawa wala adabu. Wenzake angalau walibisha hodi. Yeye aliingia tu, Shangazi akiwa anakula, anacheka, au yuko katikati ya mshono.

Na mshono ndio aliouogopea. Alishona vitambaa vya magodoro katika duka moja, na pembe zake zilikaa kama zimepigwa pasi. Lakini usingizi ukija, kichwa kilitua juu ya cherehani.

"Shangazi, hapa ni kazini au kwako?" bosi aliuliza.

"Kwangu sina nafasi ya kulala, bosi. Wapangaji wamejaa."

"Labda ameumwa na mbung'o," alisema fundi wa kujaza sponji.

Daktari alishasema si malale wala uvivu, ni ugonjwa mwingine wa kusinzia ghafla. Bosi akajibu kwamba hata yeye anao, ila anausubirisha mpaka jioni.

Siku moja Shangazi alitumwa kutandaza godoro jipya mbele ya duka. Usingizi ukamkuta hapohapo, akaanguka juu yake. Bosi alikuja na neno la kumfukuza mdomoni, akakuta mume na mke wamesimama, wanamwangalia Shangazi kwa wivu.

"Mchana wote huu, na kelele hizi?" mke alinong'ona. "Hili hili, baba watoto."

Walilinunua akiwa bado juu yake, wakakaa kwenye stuli kusubiri aamke.

Bosi akameza neno lake. Kesho yake mpwa wa bosi alipewa cherehani, na Shangazi akapewa mto, shuka na sehemu ya mbele. Ugonjwa uliokuwa umfukuzishe kazi ukawa ndio kazi. "Nirudishie cherehani yangu," alisema kila alipoamka. Bosi alimwambia apumzike.

Kisha kliniki wakapata kidonge cha kuuzuia usingizi wake, kisichogombana na presha. Shangazi akaja kazini macho makavu, akaketi juu ya godoro.

"Vipi leo?" bosi aliuliza kwa wasiwasi. "Mbona hulali?"

"Nimepata nafuu, bosi."

"Hongera. Sasa hiyo dawa, huwezi kuinywa jioni?"

"Nikiinywa jioni, usiku nitalala saa ngapi? Nipe cherehani yangu."

"Mpwa wangu ameshaizoea. Wewe fumba macho tu, wateja hao wanakuja."

Shangazi akajilaza, akafumba macho. Mkono wake ukapapasa pembe ya godoro, ukakuta mkunjo, na chini ya mkunjo uzi umeruka.

"Godoro hili zuri?" mteja alimuuliza bosi.

"Sponji nzuri," Shangazi alijibu, macho yamefumbwa. "Pembe zimeshonwa ovyo."

Akainuka. Alikunja shuka, akaenda nyuma, akatoa mkasi wake kwenye droo ya cherehani bila kumsemesha mpwa, akapita katikati ya bosi na mteja.

"Anatoka kidogo," bosi alimwambia mteja, akiupigapiga mto ukae vizuri. "Ni mgonjwa huyo, hafiki mbali."

Mto ulikaa pale mpaka duka likafungwa, na kesho yake, na juma lililofuata.