Memwari Iliyongoja Bia

Kuna siku moja hunijia kichwani hata nisipoiita, mwanangu, na tangu jana uliponiambia kwamba utaahirisha kutetea memwari yako, hiyo tasnifu ya kumalizia chuo, imekataa kuondoka. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Basi kaa hapa unisikilize, kisha ufanye utakavyo. Mimi nimechoka kugombana na vijana.

Nilisoma chuo cha serikali, kile cha miaka mitatu, cha watoto wasio na mjomba ofisini. Watu husema chuo cha serikali ni rahisi. Ada ndiyo rahisi! Lakini kuna silabasi, yale makaratasi ya masomo, za kunakilisha, kuna nauli, kuna chumba, kuna tumbo. Tulipanga watatu chumba kimoja kule mtaa wa Kamenge, na maharage yetu yalipikwa mara moja kwa siku ili makaa yasiishe. Silabasi nayo ilikuwa moja. Mmoja akisoma, wawili wanangoja zamu, na usiombe mtihani uwe kesho.

Aliyenisomesha ni mama. Alivuka mpaka kutoka Uvira akiwa mjane, akapanga chumba mtaa wa Musaga, akauza ndagala sokoni, hao dagaa wa ziwani ambao wewe siku hizi unawakunjia pua. Hakujua kusoma. Alinipa alichopata, na hakutaka kitu kwangu ila kimoja: aketi siku moja ndani ya kile chumba cha chuo cha kutetea memwari, anisikie nikiitwa mbele. Alikuwa akiniuliza ni lini, kila nilipokwenda kumsalimu.

Memwari yangu niliiandika juu ya ukaushaji wa ndagala. Nusu ya niliyoyaandika nilifundishwa na yeye, nikiwa mdogo, miguu yangu mchangani.

Kazi ikaisha, ikabaki kupanga tarehe tu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza, na ni ujinga wa hapa hapa kwetu. Desturi unaijua: ukishatetea, jopo likishakupa pointi, watu wanahamia chumba cha pili na kukuta bia, soda na brosheti, mishikaki ya nyama. Hakuna sheria ya chuo inayosema hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimekula kwa wenzangu wote, tena nimekula vizuri, na nikajiambia mkono mtupu haulambwi. Nikaahirisha.

Mwalimu aliyeniongoza, mzee mmoja wa koti la kijivu, alinikamata kwenye ngazi.

"Kazi yako iko tayari tangu Pasaka. Unangoja nini?"

"Familia inajipanga, profesa."

Alinitazama kidogo. "Mi nilisoma kurasa zako zote," akasema. "Sikuona hata moja yenye iliandikwa brosheti."

Nilicheka, nikampita. Nilidhani ananitania. Mzee akikutania, mwanangu, ujue amechoka kukukemea.

Mama naye alinisema, jioni moja nilipokwenda Musaga.

"Mi nitakunywa maji," aliniambia. "Panga tu siku."

"Apana, mama. Watu watatucheka."

"Watu gani? Wale wenye walikulipiaka minerivali, ao wengine?"

Ada yote ya chuo ilikuwa imetoka mkononi mwake, nami nikanuna. Kijana akiambiwa ukweli hununa. Hata wewe sasa naona umeanza. Nikapata kibarua cha kubeba saruji, nikawa naweka akiba ya sherehe. Mwaka ukapita, bei zikapanda, akiba haikutosha. Ukaingia mwaka wa pili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mimi niliona bado ninalo tumbo la kungojea.

Katika mwaka huo wa pili akili ya mama ilianza kumponyoka. Kwanza ilikuwa chenji: aliwarudishia wateja zaidi ya walichompa. Kisha siku moja akashuka basi pale pale Musaga, kituo alichoshukia miaka yote, akasimama kando ya barabara hajui aelekee wapi, mpaka jirani akamshika mkono kumpeleka nyumbani. Niliyaona haya yote. Nilisema ni uchovu, kwa sababu kama ni uchovu tu, sikuwa na haja ya kubadili mipango yangu. Naona aibu kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hatimaye nikatetea. Suti nilikuwa nayo, bia ilikuwepo, brosheti zilinukia mpaka uani. Mama aliketi mstari wa mbele na kitenge kipya, jirani yule yule ubavuni mwake. Nilipoeleza jinsi ndagala wanavyogeuzwa kabla jua halijawa kali, nikamwona anaitikia kwa kichwa, fundi anamsikiliza fundi mwenzake. Nilifurahi sana. Nilidhani amerudi.

Akamwinamia jirani, na kwa kuwa masikio yake nayo yalikuwa mazito, alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"Huyu kijana anajua ndagala. Ni mutoto wa nani? Mama yake iko na bahati."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wangu alivua miwani akaishika mkononi. Nilimaliza kueleza, sijui nilimalizaje, nikapewa pointi nzuri, watu wakala wakashiba wakaenda zao. Na mama, mpaka anafariki, siku zile chache aliponitambua, aliniuliza nitatetea lini.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi mjukuu huyo nimemlea miaka mingi. Chuo kina gharama zake za kweli, na hizo tutabanana tuzilipe. Lakini gharama ya kuogopa macho ya watu hakuna aliyewahi kuimaliza. Mtu hujikuna ajipatapo. Panga tarehe mwezi huu huu. Waite waliokusomesha, waketi mbele wangali na akili zao na masikio yao. Ukimaliza, wape maji ya kunywa, uwashike mikono. Anayetaka bia mwelekeze baa, mji huu haujawahi kuzikosa.

Haya, nenda. Mungu akupe ulimi mwepesi mbele ya jopo, na amjalie mama yako macho ya kukuona na akili ya kukujua, ili usimamapo aseme, huyu ni wangu. Amina.