Mguu wa Mwalimu Breki

Mjini mle, ukimwona dereva anaangalia kioo cha nyuma kabla ya kuhama njia, anapunguza mwendo penye zebra bila kusimamiwa na trafiki, na hapigi honi mbele ya hospitali, usijiulize sana. Huyo kafundishwa na Mwalimu Breki. Na siku hizi huwaoni wengi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika zamani. Wanafunzi walimwita Breki, majirani wakadaka, mpaka marehemu mkewe naye akawa anamwita hivyo akiwa na furaha zake. Gari la shule ya udereva lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na hiyo ya pili ndiyo aliyoifanyia kazi maisha yake yote. Mwanafunzi akizubaa, mzee hakupiga kelele kwanza. Alikanyaga. Gari likishasimama ndipo mdomo ulipofunguka, na hapo ungemwonea mtu huruma. "Mguu kwanza, maneno baadaye," ndivyo alivyokuwa akisema. Halafu maneno yenyewe yanakuja: "Macho yako umemwachia nani nyumbani?" Watu wazima wenye vyeo vyao walishuka mle garini wamelowa jasho.

Alikuwa mkali, ndiyo. Lakini kilichomtoa kazini si ukali wala uzee. Wenye shule walianza kuandikisha watu wanaokuja kupigwa picha tu. Mtu anapigwa picha asubuhi, baada ya siku chache ana leseni mfukoni, na klachi haijui ni ipi. Mzee alipouliza, akaambiwa aache kimbelembele. Akaweka ufunguo mezani akaondoka zake. Tangu hapo, kila akiona dereva kainamisha kichwa, simu iko mapajani kama kuku anayeatamia, alikuwa akisonya mpaka wapita njia wanageuka. Zamani msafara wa mazishi ukipita, magari yalikaa kando na redio zikazimwa. Sasa unapigiwa honi usogee. Unapigiwa honi, jamani! Aliyelala ndani ya sanduku anaharakishwa aende wapi?

Basi, mkewe alipofariki, binti yake wa pekee akamwambia, "Baba, huwezi kukaa peke yako. Njoo kwetu." Akapewa chumba cha karibu na jiko kilichokuwa stoo, kikapakwa rangi upya. Rangi haikuwa shida nyumba ile, maana mkwewe alikuwa afisa mauzo wa kampuni ya rangi.

Huyo mkwe hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema ili nisieleweke vibaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Kila asubuhi alimwamkia mzee kwa unyenyekevu, alimnunulia miwani, alihakikisha kiti chenye mto ndicho chake. Ila akishika usukani, na simu kaishika. Wateja wake hawakulala. Huyu anataka ndoo za rangi nyeupe, yule analalamika ya kwake imepauka, na mkwe anawajibu wote kwa kidole gumba, gari linakwenda, macho yanashuka na kupanda, yanashuka na kupanda.

Kila asubuhi walikuwa watatu mle ndani. Mzee mbele, kwa sababu ya heshima yake. Nyuma, katikati ya viti, mjukuu wake wa kike na begi lake la shule. Kazi ya mzee ilikuwa kumshika mtoto mkono mpaka getini, kisha arudi nyumbani taratibu kwa miguu, kwa ajili ya goti lake. Na tangu siku ya kwanza alijua kabisa kitakachotokea. Alichokuwa hajui ni lini, na kama kitamkuta mtoto.

Utasema, si angefungua mdomo? Mtu aliyewakaripia mameneja na wachungaji! Lakini mkwe ni mkwe. Humkaripii, humpandishii sauti, humwaibishi mbele ya mtoto wake. Na ukiwa unalala chini ya paa lake na kula mezani kwake, ulimi unakuwa mzito maradufu. Mzee aliuma ulimi huo muhula mzima. Kilichokataa kunyamaza ni mguu. Kila macho ya mkwe yaliposhuka, mguu wa kulia wa mzee ulikanyaga sakafu ya gari, mahali ambapo kwenye gari lake la zamani palikuwa na breki.

Mjukuu ndiye aliyegundua.

"Babu, unakanyaga nini?"

"Nanyoosha goti, mama."

"Muongo! Unakanyaga breki!"

Ikawa mchezo wao. Mtoto akiona baba yake kainama, alimnong'oneza babu sikioni, "Breki!" Mzee anakanyaga, mtoto anacheka mpaka anashika tumbo, na baba mtu anatabasamu bila kuuliza, maana yuko na mteja. Mzee naye alikuwa akicheka, cha ajabu. Moyoni alikuwa roho juu.

Mara moja alijaribu kwa kuzunguka mbuyu. "Siku hizi barabara zimeharibika, mkwe. Watu hawatazami."

"Acha tu, mzee wangu!" mkwe akasema, kidole kikiendelea kuandika. "Watu hawana adabu kabisa. Utakuta mtu anaendesha, akili haipo!"

Mzee akageukia dirishani.

Akaenda kwa binti yake, jikoni, akaongea wazi. Binti aliendelea kusuuza vikombe.

"Baba, unamjua alivyo. Ukimwambia wewe ataona umemdharau ndani ya gari lake. Niachie mimi."

Alimwachia. Kama binti alisema au hakusema, kesho yake simu ilikuwa palepale.

Sasa kulikuwa na muuza mikate, mtu mwembamba wa makamo, aliyekuwa akipita na baiskeli yenye sanduku la bati nyuma. Kila asubuhi walikutana naye karibu na shule. Mjukuu alikuwa akimpungia mkono, naye anapiga kengele yake. Zaidi ya hapo hawakujuana. Mzee alimpenda kwa jambo moja tu: akifika penye zebra alishuka, akaivusha baiskeli kwa mikono, akitazama kulia na kushoto. Mjini mle hakuna mwingine aliyekuwa akihangaika hivyo.

Asubuhi ile lami ilikuwa kavu na jua limeshatoka. Hapakuwa na kisingizio cha mvua. Muuza mikate alikuwa ameshafika katikati ya zebra, anakokota baiskeli yake. Simu ikatetemeka. Mkwe akaiangalia, akacheka kidogo, akaanza kujibu.

Mzee aliona yote. Nafasi ilikuwepo, nawaambia. Neno moja tu, "Simama!", lingetosha. Lakini mwili wa mtu unafanya kile ulichofundishwa, na wa kwake ulifundishwa mguu kwanza, maneno baadaye. Akakanyaga. Akakanyaga ile sakafu kwa nguvu zake zote mpaka goti likalia, akasubiri gari lisimame ili afungue mdomo.

Halikusimama.

Mikate ilitawanyika barabarani. Mtoto alipiga ukelele mmoja akanyamaza. Watu wakaja mbio, wakambeba muuza mikate wakampakia kwenye pikapu apelekwe hospitali, na wengine, astaghafiru, walikuwa wameshatoa simu zao wanapiga picha.

Kituoni waliwekwa kwenye chumba chenye meza moja na benchi. Mtoto alikuwa na sare zake bado, hapakuwa na mtu wa kumwachia. Binti alifika anahema, kandambili miguuni, na kabla hawajaanza kuhojiwa alimvuta baba yake mkono mpaka kwenye korido.

"Baba, nakuomba. Nakupigia magoti. Anasema yule mtu aliruka ghafla na baiskeli. Wewe sema hivyohivyo. Akifungwa huyu, sisi tunakwenda wapi? Mtoto huyu nitamwambia nini?"

Mzee alimtazama binti yake, akamwona alivyokuwa siku ya msiba wa mama yake, midomo ikimtetemeka vilevile. Ikamuuma sana.

Wakarudi chumbani. Afande wa trafiki aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, na alipomwona mzee alisita mlangoni. Alikuwa mwanafunzi wake. Aliwahi kulia juu ya usukani siku ya kujifunza kuondoa gari kwenye mlima, mzee akampa leso yake kisha akamwambia alie huku mguu uko kwenye breki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa. Akamsikiliza mkwe kwanza. Yule wa baiskeli alikatiza ghafla, afande. Aliruka tu, sikuwa na la kufanya. Macho yalikuwa barabarani? Yalikuwa barabarani. Kisha akamgeukia mzee, na sauti yake ikawa na matumaini, kama mtu aliyepata shahidi anayemwamini kuliko wote.

"Mwalimu, wewe ulikuwa mbele. Alikuwa ameshika simu?"

Mkwe alikuwa anaangalia meza. Binti alikuwa anamwangalia yeye.

"Sikuona," mzee akasema. "Nilikuwa nimesinzia."

Afande akabaki na kalamu hewani. Mwalimu Breki, asinzie garini? Yule aliyekuwa akiwaambia kwamba abiria wa mbele naye ni dereva? Lakini shahidi kasema. Akainama aandike.

"Babu hakulala," mtoto akasema.

"We, nyamaza," mama yake akamwambia.

"Hakulala! Alikanyaga breki kabla yule baba wa mikate hajagongwa. Mimi sikumwambia, alikanyaga mwenyewe." Akanyoosha kidole chini ya meza. "Anaikanyaga mpaka sasa hivi."

Wote wakatazama. Kiatu cha kulia cha mzee kilikuwa kimebana saruji, goti limekakamaa, paja linatetemeka. Mwenyewe hakuwa na habari. Alijaribu kuulegeza mguu ukamkatalia, akaushika kwa mikono miwili akausogeza nyuma. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya mkwe wake, mbele ya mjukuu, bila kuficha uso.

"Futa hiyo," akamwambia afande alipoweza kusema. "Andika alikuwa na simu. Leo alikuwa nayo, jana alikuwa nayo, muhula wote alikuwa nayo. Na mimi nilikuwa namwona."

Binti yake alitoka nje ya chumba. Mkwe hakuinua kichwa, alisema tu taratibu, "Mzee, si ungeniambia." Hakusema kwa hasira, na ndivyo ilivyouma zaidi.

"Kweli, mwalimu," afande akasema, macho yamemlowa. "Sisi ulikuwa hutuachii hata kidogo. Huyu ulimwachiaje?"

"Ni mkwe wangu," mzee akasema.

Mle ndani hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Simu ya mezani ikalia, afande akaipokea, akasikiliza, akasema "Sawa, daktari," akairudisha polepole, akavua kofia. Mtoto akauliza kama baba wa mikate kesho atapita, na walimwachia babu yake amjibu.