Amezaliwa Nani?

Binti yangu wa kwanza alichukua jina la mama yangu, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu, na tangu siku hiyo nikamwita Maitu, yaani mama. Akianguka, nilimwambia, "Pole, Maitu." Akikataa uji, nilimtania kwamba mama yangu hakuwa na maringo hivyo. Tulicheka. Hakuna aliyeugua kwa sababu hiyo.

Kisha akaenda chuo kusomea saikolojia, akapanga chumba Witeithie, na likizo ya pili akarudi kwetu Thika na elimu yake. Nilikuwa nimetoka kanisani, ambako mimi ni mzee wa kanisa, hata koti sijavua.

"Dad, usiniite Maitu tena. Mi si cucu, mi si nyanya yangu. Hujamaliza kumlilia mum yako, sasa unamtafuta kwangu. Hiyo inaniumiza."

"Na roho yako je? Nayo nimeiumiza?"

"Roho gani, Dad? Mtu ni ubongo na mambo alifanyiwa akiwa mdogo. Ukitoa hizo, hakuna mtu hapo."

Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Msomi mmoja ananiambia mimi ni nyama, mwingine kwamba mimi ni kidonda, na wote wanataka niwashukuru. Hakuna anayeniuliza nikipiga magoti huwa naongea na nani. Mtu hajiumbi, wala haumbwi na majeraha yake. Mungu humjua kwanza, halafu sisi tunampokea kwa jina ambalo mwingine alilibeba kabla yake. Mama yangu alikufa akiamini hivyo, na hakuwa mjinga.

Lakini niliacha. Nikaanza kumwita kwa jina lake la ubatizo, kama karani anayeita watu kwenye foleni.

Aliolewa, akahamia Gatongora, kule Ruiru. Mvulana wake wa kwanza alichukua jina la baba mkwe. Upande huo hawakutaka kusikia habari za saikolojia, naye hakuwabishia. Mvulana wa pili huchukua jina la baba wa mama. Yaani mimi. Alipopata mimba tena, Mungu anisamehe, niliomba awe mvulana. Akawa mvulana.

Nilipoenda kumwona, nilimbeba. Ana paji langu la uso.

"Tumempa jina lake mwenyewe, Dad. Hatutaki abebe mzigo wa mtu."

Walikuwa wamelitafuta kwenye simu. Nikasema ni jina zuri, nikamrudishia mtoto wake.

Kwetu mtoto akizaliwa watu hawaulizi anaitwa nani. Wanauliza amezaliwa nani. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa walinizunguka mlangoni wakicheka, kwa maana walijua ni mvulana wa pili, na jibu walikuwa nalo tayari. Walitaka tu kulisikia kinywani mwangu.

"Haya mzee, amezaliwa nani?"

Neno hilo moja, mimi, nilikuwa nimelingojea tangu binti yangu aolewe.

"Mtoto," nikawaambia. "Amezaliwa mtoto tu."