Kura Zetu na Chumba cha Kamati

Mwalimu wetu wa Kiingereza hapa Ilford, ughaibuni, alitupa somo kuhusu Marekani ya zamani. Katika baadhi ya majimbo wananchi walipiga kura ya gavana, lakini asipopatikana wa kuvuka nusu, wabunge walimchagua wao. Safari nyingine walimchukua aliyekuwa wa pili. Nililisoma polepole, nikaona ni mambo yaliyokwisha.

Jumamosi ya wiki hiyo chama chetu cha Watanzania kilichagua mwenyekiti. Shangazi yangu, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, aligombea kwa ahadi moja: vikao vihamie Jumapili mchana, ili wanaokuwa zamu Jumamosi nao waje. Yeye mwenyewe alikuwa amebadilishana zamu ili awepo. Kati ya wagombea watatu aliongoza, ila hakufika nusu. Katiba yetu inasema hapo kamati iamue. Wazee wa kamati wakaingia chumba cha nyuma, wakafunga mlango, wakatoka na jina la mtu wa pili.

Watu walinung'unika, kisha wakaanza kutafuta makoti yao. Mimi vikaoni huwa sisemi; hata salamu hunitoka kwa shida. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake. "Kama jibu lilikuwa kwenye kile chumba, mlituita tupige kura ya nini?"

Mama mmoja nyuma akasema leo bubu kapata ulimi. Watu wakacheka, hata shangazi.

"Marahaba. Katiba ni katiba, mwanangu. Kaa chini."

Nikamwambia Marekani nako ilikuwa sheria, na majimbo yale baadaye yakaiacha, aliyeongoza akawa ndiye mshindi. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la saba, na hilo nimelisoma wiki hii. Sikukaa. Akamtangaza kiongozi mpya, akaomba makofi. Walipiga wachache. Mikono yangu niliitia mfukoni.

Njiani shangazi aliniambia nimemtia aibu mbele ya wakubwa. Tulipofika kituo cha basi akaniuliza kama sebule yake inatosha watu wa Jumapili.

Kesho Jumapili tunakutana kwake, pamoja na wale wanaokuwa zamu Jumamosi. Mwenyekiti mpya ametuma ujumbe kwamba kikao hicho hakitambuliki. Shangazi ameshaloweka mchele, nami nimeazima viti kwa jirani. Tutakaa hivyo hivyo, bila kutambulika.