Kifo cha Mfalme Chafika Ansab

Usiku kucha nilijiuliza nani atamhuzunikia mfalme aliyekufa kabla ya Nabii Isa. Niliandaa, kwa jumba la makumbusho ninakofanya kazi, taarifa za matukio na vifo vya mwaka mmoja wa kale. Bosi alitaka zisikike kama habari za leo. Asubuhi nikamrekodia sauti: "Mzee wetu amefariki kwa homa, na wanawe wameshaanza kugombania urithi."

Kwa makosa nikaituma kwenye kundi la ukoo.

Babu alikuwa mgonjwa wa homa. Nikaandika maelezo, nikayafuta, nikayaandika upya. Ukoo ukawa umeshaingia garini.

Nilipofika nyumbani kwa Babu, Ansab, shangazi alikuwa akilia barazani na ami zangu wawili wamenuniana. Babu akatoka na kikombe cha kahawa.

"Kafa nani?"

"Wewe, baba," shangazi akajibu. "Tumeambiwa hata urithi unagombaniwa."

"Mie nna homa tu." Akawageukia wanawe. "Nyinyi mshaanza?"

Ami zangu wakainamisha vichwa. Ningenyamaza, angeamini kuwa wanagombania urithi wake. Nikakaa miguuni pake.

"Aliyekufa ni mfalme wa kale, Babu. Mjinga ni mimi."