Utenzi Uliokimbia Barabara ya Turbo

Dada yangu Nekesa alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Eldoret, na mama, ambaye goti lilimkataza safari, alinituma nikamwone nimletee habari kamili. Nilitoka Nakuru Jumatano asubuhi na mfuko wa unga wa wimbi na maagizo mengi.

Katika mji mdogo wa Burnt Forest gari lilisimama ili abiria wanunue viazi. Hapo akapanda msichana mwembamba mwenye viatu vya mbio, akaketi kando yangu. Tulipoondoka akafumba macho, midomo ikawa inacheza bila sauti.

"Unaomba?" nilimuuliza hatimaye.

"Hapana. Nakimbia."

Aliitwa Chemutai. Jumamosi angeshiriki mbio za majaribio kwenye barabara ya Turbo, nje kidogo ya Eldoret, na kocha angechukua wasichana sita wa kwanza katika kambi yake ya mazoezi. Mara iliyopita alianza kwa kasi mno, nguvu zikamwishia mlimani. "Nikikosa tena, baba amesema ni shamba la viazi tu," akasema. Ili ajizuie alikuwa akikariri moyoni utenzi wa mshairi wa kale wa Pwani, ule tuliosoma wote shuleni. Mshororo mmoja, pumzi moja. Shida ni kwamba alikumbuka mwanzo tu. Beti zikiisha, miguu inamtoroka.

"Wewe unaujua wote?"

"Niliufanyia mtihani. Kitabu nikauza wiki hiyohiyo."

Eldoret tulifika mchana. Nekesa na mtoto walikuwa wazima, na unga wa mama ukaingia sufuriani jioni ileile. Lakini maneno ya yule msichana yalinisumbua. Kesho yake nikakipata kitabu kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu karibu na soko, bila jalada, nikampigia Chemutai kwa namba aliyoniachia garini.

Jioni hiyo nilipanda pikipiki nyuma ya binamu yake, Kiprono, tukaenda polepole kando ya mashamba ya mahindi huku Chemutai akikimbia ubavuni. Nilisoma kama nilivyofundishwa: ubeti mmoja, kisha maana yake.

"Sasa wewe," Chemutai akasema akihema, "ukisimama kueleza, mimi nifanye nini? Nikae chini?"

Kiprono akacheka. "Mwalimu, soma tu. Maana itatufuata nyuma."

Nikasoma bila kusimama. Mji umezingirwa, mjumbe ametumwa kuomba msaada, mto umefurika mbele yake. Majibu ya mtihani niliyajua yote, lakini sikuwahi kumwogopea mjumbe huyo. Giza lilipoingia, mimi ndiye niliyeomba tuendelee kidogo.

Ijumaa Chemutai alipumzika kwa Nekesa. Nilimsomea akiwa amempakata mtoto, naye akarudia kila ubeti mpaka ukamkaa; tukaishia pale mtoni.

Jumamosi asubuhi pikipiki hazikuruhusiwa barabarani, kwa hiyo nilisubiri juu ya mlima, karibu na mwisho. Kundi la mbele lilipotokea chini, Chemutai hakuwemo. Alikuwa nyuma kabisa, midomo ikicheza.

"Huyo amelala," mwanamke aliyesimama kando yangu akasema.

"Amekuja kuangalia ng'ombe," mwingine akajibu.

Nusu ya mlima, waliomtangulia wakaanza kulegea. Yeye hakuongeza mwendo, ila hakuupunguza pia. Akampita mmoja, kisha wawili, kisha wengine. Alivuka utepe akiwa wa sita, akashika magoti. Kocha akamwuliza jina mara mbili kabla hajaweza kulitamka.

"Umefika wapi?" nilimwuliza.

"Mtoni. Mjumbe bado hajavuka."

Nikamwachia kitabu, maana mbio za kambini ni ndefu zaidi.

Jumapili jioni nilikuwa Nakuru. Nilimweleza mama habari zote za mtoto, kisha nikamtamkia beti zilizonibaki kichwani. Shuleni tuliambiwa "eleza", lakini mama, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliuliza "halafu?", na nikaona kwamba mshairi yule alitunga kwa ajili ya swali hilo.

"Haya, huyo mjumbe alivuka?"

"Sijui, mama. Mtihani haukuuliza, na kitabu kimebaki Eldoret."

Akasukuma ungo kando. "Si utafute kingine."