Ati nitoe irimu, niweke joka

Leo binti yangu amemkagua mhariri kisogo mbele ya watu.

Tulikuwa kwenye mkutano wa waandishi, hapa Nyeri mjini. Huyo mhariri anakusanya hadithi za kutisha atoe kitabu, na yangu alikuwa ameikubali. Ya kwanza kuchapishwa maishani mwangu, jamani!

Ni ya irimu, zimwi letu lile la huku Nyeri linalomjia msichana kama kijana maridadi wa kumposa, kumbe ana mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Leo nilikuwa nimewasomea watu mwanzo wake tu.

Mhariri ameketi, rasta mpaka mabegani.

"Mama Wanjiru, mdomo kisogoni hakuna msomaji ataamini. Weka joka lenye mabawa, liteme moto. La sivyo utoke kitabuni."

Ati mjusi wa kuruka na kutapika moto, huyo ndiye wa kuaminika!

Kabla nijibu, Wanjiru wangu, ambaye hata shule hajaanza, amepita nyuma ya kiti chake na kuanza kupekua zile rasta.

"We kasichana, unatafuta nini?"

"Mdomo."

Ukumbi mzima ukacheka. Hakuna aliyeuliza mdomo gani. Na mhariri, mtoto wa Endarasha, hapa hapa Nyeri kwenye hadithi za irimu, akajishika kisogo!

Halafu ati, "Basi weka vyote viwili."

"Hapana, kaka. Irimu anabaki peke yake."

Kwa hivyo kitabuni simo tena. Imeniuma, siwadanganyi. Nyinyi mngeweka joka?

Lakini wakati wa kutoka, watu walinifuata hadi mlangoni wakiuliza kama yule msichana wa hadithi aliliwa.

Hao ndio wale wasomaji ati hawawezi kuamini.